Nimesingiziwa wizi wa saruji, kikao cha nidhamu ni Jumanne

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mtunza stoo kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, huu ni mwaka wa sita. Mwezi wa tatu niliambiwa kwa mdomo kwamba nitapandishwa kuwa msimamizi wa stoo zote mbili. Mwishoni mwa mwezi wa tano mali ikahesabiwa, mifuko 84 ya saruji haikuonekana. Mwenzangu mmoja akasema aliniona usiku nikipakia saruji kwenye Canter. Nimepewa barua ya kusimamishwa bila mshahara na ya kuitwa kwenye kikao cha nidhamu Jumanne ijayo. Meneja rasilimali watu aliniita pembeni, akanishauri niandike barua ya kuacha kazi yaishe, wao watanipa barua nzuri ya utambulisho. Kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi nimeshaitwa mwizi. Sijaiba hata mfuko mmoja, na mwezi wa nne nilikuwa likizo siku kumi na nne. Mama yangu anasema nimwachie Mungu. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua ya kuacha kazi usiiandike. Mengine tutayazungumza taratibu, lakini hilo nalitanguliza kwa sababu kabla ya Jumanne utapigiwa simu tena, na safari hii sauti itakuwa ya upole zaidi.

Ukiacha kazi kwa mkono wako, umemtua mwajiri mzigo wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka yeye athibitishe mambo mawili: kwamba alikuwa na sababu halali ya kukuachisha, na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Ukiandika barua, hakuna aliyekuachisha. Itabidi wewe ndiye uthibitishe kwamba ulifanyiwa mambo yasiyovumilika mpaka ukakosa njia. Mlango huo upo kisheria, ila ni mwembamba, na ile barua yako yenye maneno "kwa sababu binafsi" ndiyo itakayokuzuia kupita. Na hiyo barua nzuri ya utambulisho isikutamanishe. Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wa mji mmoja wanajuana. Hawasomi barua, wanapigiana simu.

Kuna karatasi nyingine ambayo huenda ikaja mezani: ya kukubali kukatwa mshahara kidogo kidogo kufidia saruji. Nayo usisaini. Sheria inaruhusu makato ya hasara pale tu hasara imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, ameandikiwa kiasi chake na jinsi kilivyopigiwa hesabu, amepewa nafasi ya kupinga, na makato yenyewe hayazidi robo ya mshahara. Saini yako pale ni kukiri kosa, na kikao chote kitaanzia hapo.

Waliokuwa wakiendesha vituo vidogo vya posta Uingereza waliyajua haya kwa machozi. Mwaka 1999 shirika la posta la huko lilianza kufunga mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, kazi ya kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wengi walitoa akiba zao kuziba pengo na kusaini hesabu ili yaishe. Hayakuisha: zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa. Alan Bates, aliyekuwa na kituo huko Wales, alikataa kulipa tarakimu ambazo hakuweza kuzikagua, akatunza kila barua. Mkataba wake ulivunjwa 2003. Ila ni yeye aliyewaongoza wenzake 554 mahakamani, na mwaka 2019 jaji akaamua kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile. Simaanishi kwamba kesi yako itachukua miaka ishirini. Ninachotaka ukione ni kwamba namba 84 nayo imetoka mahali, na hakuna aliyekuonyesha imetoka wapi.

Sasa nikwambie nilikotoka. Nilikaa upande wa pili wa meza miaka kumi na minne, afisa rasilimali watu, kabla sijaanza kuwasaidia wafanyakazi. Huko niliona jambo la kusikitisha. Mwenye kosa huja kwenye kikao na faili, kwa sababu amekaa wiki nzima akijua kwamba atatafutwa. Asiye na kosa huja mikono mitupu, ameshika hasira tu, kwa kuwa anaamini ukweli unaonekana wenyewe. Palikuwa na kijana keshia, laki sita zilipungua. Alilia, akaapa kwa Mungu, halafu akamwambia mwenyekiti wa kikao, "Na wewe unakula nao." Muhtasari ulisomeka hivi: mtuhumiwa hakutoa uthibitisho wowote, alimtusi mwenyekiti. Miezi saba baadaye ile laki sita ilionekana. Slipu ya benki ilikuwa imeingizwa kwenye hesabu ya tawi jingine. Kijana alishafukuzwa zamani. Muhtasari ule niliuandika mimi, mwanangu, na sikwenda kumtafuta.

Kwa hiyo hasira uliyonayo, na una haki nayo, ipe kazi ya kuandika. Usiku huu kaa na daftari. Andika kila kitu kwa tarehe: siku uliyoambiwa habari ya kupandishwa na nani alisema, siku uliyoanza likizo, siku uliyorudi, siku ya kuhesabu mali na waliokuwapo. Andika pia mazungumzo ya yule meneja, maneno yake kama alivyoyasema, saa na mahali. Kumbukumbu iliyoandikwa ndani ya wiki ina uzito ambao ile ya miezi minne haina.

Kesho peleka barua moja kwa mwajiri, fupi na ya adabu. Omba ulipwe mshahara wako: Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Namba 42, zinamruhusu mwajiri kumsimamisha mtu wakati tuhuma nzito zinachunguzwa, lakini kwa mshahara kamili. Usiligombanie kwa sauti. Liandike tu, litakufaa mbele. Kisha omba nyaraka: karatasi za kuhesabia mali za safari hii na za safari iliyotangulia, leja na kadi za saruji, hati za kupokea na kutoa mzigo za miezi hiyo, daftari la geti la walinzi, daftari la funguo kama lipo, na maelezo ya maandishi ya huyo aliyekuona. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa au isainiwe. Wakikataa kupokea, itume kwa baruapepe na kwa WhatsApp ya meneja. Wakikunyima nyaraka, huko kukunyima nako ni ushahidi, mradi ombi lako lipo kwa maandishi.

Tena isome vizuri ile barua ya wito. Inasema umefanya nini hasa? Maana "wizi" ni jambo moja na "uzembe uliosababisha upotevu wa mali" ni jambo lingine, na hapa wengi ndipo wanapozama. Mtu anajitetea saa mbili nzima kwamba hakuiba, wanakubaliana naye, halafu wanamfukuza kwa uzembe ambao hakuutolea hata sentensi moja. Kama barua haielezi tuhuma wala tarehe, andika uombe ifafanuliwe. Kanuni zinataka uelezwe tuhuma kwa lugha unayoielewa, na upewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48.

Tuje kwenye saruji yenyewe. Umeniandikia habari ya likizo kama kitu cha kupitia tu, nami naona ndiyo moyo wa kesi yako. Upungufu huwa hauna siku moja; una kipindi, kuanzia hesabu iliyopita mpaka hii ya sasa. Hesabu iliyopita ilifanyika lini? Kama ni kabla ya mwezi wa nne, basi ndani ya kipindi hicho kuna siku kumi na nne ambazo funguo hazikuwa kwako. Nani alizishika? Mlikabidhiana kwa maandishi ulipoondoka, mkahesabu uliporudi? Nahofu jibu ni hapana, kwa kuwa stoo nyingi hawafanyi. Kama ni hapana, usilifiche. Sema mwenyewe kabla hujaulizwa: nilirudi nikapewa funguo bila hesabu, ndivyo tulivyozoea, na aliyenipa maelekezo ni fulani. Hapo utabanwa kidogo kwenye uzembe, lakini ndipo pia wizi unapokosa mwenyewe.

Halafu piga hesabu ya uzito. Mfuko ni kilo 50. Mifuko 84 ni kilo 4,200, tani nne na ushei. Mtu mmoja hapakii tani nne usiku peke yake akamaliza bila kuonekana na mlinzi. Kama ni safari moja, Canter ile ililemewa. Kama ni mbili au tatu, ilipita getini mara hizo zote. Vijana wa kupakia walikuwa akina nani? Daftari la geti linasemaje? Pengine saruji hiyo haikuondoka kabisa. Lori la tani 30 hushusha mifuko 600, na mpokeaji aliyechoka husaini hati ya mzigo kwa kuitazama tu. Kuna iliyopasuka, kuna iliyoganda kwa unyevu ikatupwa bila kuandikwa, kuna iliyohamishiwa stoo ya pili na karatasi ikachelewa. Wewe mtunza stoo unayajua haya kuliko mimi. Na kama mnatumia kompyuta, andika ni watu wangapi wanalijua neno la siri unaloingilia.

Huyo mwenzako aliyekuona. Najua unatamani kusema anaitaka nafasi uliyoahidiwa. Huenda ni kweli. Majungu kazini hayaanzi bila mtu kupigia hesabu cheo cha mwenzake. Lakini usiingie nalo kikaoni bila uthibitisho, utaonekana unarusha lawama. Muulize maswali, tena mafupi, na kila swali liwe na jibu moja. Ilikuwa tarehe ngapi? Saa ngapi? Ulisimama wapi? Taa ya uani ilikuwa inawaka? Canter rangi gani, namba gani? Ulimwambia nani siku hiyo, na kwa nini ulingoja mpaka mali ihesabiwe? Akitaja tarehe, nyamaza, tazama daftari lako. Ikiwa siku hiyo ulikuwa likizo, au ulisafiri na tiketi ya basi unayo, sema wakati huo na si kabla. Haki ya kumhoji shahidi na kuleta mashahidi wako unayo kwa kanuni zile zile. Mlinzi wa zamu ya usiku usimsahau. Omba kwa maandishi aitwe.

Kikaoni una haki ya kwenda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Usichague rafiki mwenye maneno mengi. Chagua mtu anayeandika haraka. Mwenyekiti anatakiwa awe mtu wa ngazi ya juu ambaye hakuhusika na jambo lenyewe, kwa hiyo yule meneja aliyekushauri uache kazi akikaa kwenye kiti, pinga kwa adabu, uombe pingamizi liandikwe, kisha endelea na kikao. Usitoke nje kwa hasira. Ukitoka wataendelea bila wewe. Mwisho utapewa muhtasari usaini. Usome wote, hata wakikuharakisha. Pale walipoacha neno lako, liandike kwa mkono pembeni ya saini yako.

Jambo moja watu huwa hawaambiwi: kikaoni mwajiri hahitaji kuthibitisha kama mahakama ya jinai inavyotaka, pasipo kuacha shaka ya maana. Inatosha aonyeshe kwamba yawezekana zaidi ulifanya kuliko kwamba hukufanya. Ndiyo maana "hawana ushahidi wa kunifunga" si utetezi wa kikao cha nidhamu. Mizani ni nyepesi, na karatasi moja ya tarehe inaweza kuilaza upande wako.

Kuhusu grupu la WhatsApp, usijibu. Hata neno moja. Piga picha za ujumbe zikionyesha jina, tarehe na saa, uhifadhi na mazungumzo yenyewe, mtumie dada yako au mtu unayemwamini azitunze. Usijitoe kwenye grupu kabla ya Jumanne, maana ukitoka hutaona kinachoendelea kusemwa. Kumchafulia mtu jina ni jambo unaloweza kulidai mahakamani, lakini ni kesi yake yenyewe, ina gharama, na si ya wiki hii. Mkubwa mmoja tu ndiye wa kumwandikia: mwambie kwamba unaitwa mwizi kwenye grupu la kazi kabla ya kikao, na unaomba wakatazwe. Akinyamaza, kunyamaza kwake kutasomeka vizuri siku nyingine.

Wakikupeleka polisi, nenda. Usiandike maelezo ya onyo, yaani yale ya mtuhumiwa yanayoandikwa polisi, bila wakili au ndugu kuwapo, na usikubali kulipa ili upewe dhamana, dhamana hailipiwi. Kesi ya polisi na kikao cha kazini ni vitu viwili tofauti.

Sasa tuseme wamekufukuza. Omba barua yenye sababu, kata rufaa ndani ya kampuni kama taratibu zao zinavyosema, na papo hapo anza kuhesabu siku. Kuna siku 30 tangu kuachishwa za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, nayo ina ofisi Mwanza. Utajaza Fomu Namba 1, nakala atapelekewa mwajiri, ndipo mtaitwa kwenye usuluhishi. Msipopatana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, na hapo zile karatasi zenye muhuri zinafanya kazi yake: mshahara uliozuiwa, nyaraka ulizonyimwa, pingamizi lililoandikwa. Nimeona watu wakipoteza haki nzuri kwa kungoja rufaa ya ndani ijibiwe mpaka siku ya arobaini. Kuna njia ya kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa utoe sababu ya kila siku uliyochelewa. Kama huna fedha ya wakili, usikate tamaa; unaweza kusimamiwa na chama chako, na wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kwenye usuluhishi usidai fedha tu. Hili nalisisitiza kwa sababu swali lako, ukiliangalia, ni la jina na la cheo. Usuluhishi una nafasi ambayo hukumu haina: mnaweza kukubaliana kwamba barua ya kufukuzwa inafutwa, inaandikwa nyingine isiyotaja wizi, mnakubaliana maneno yatakayosemwa mwajiri mpya akipiga simu, na nani atakayeyasema. Cheti cha utumishi ni haki yako hata ukifukuzwa. Na kwenye usaili wa kazi mpya ukiulizwa, sema ukweli kwa sentensi mbili: mali ilipungua, nikatuhumiwa, nikalipeleka CMA, likaishia hivi. Ukieleza kwa nusu saa, msikilizaji anaanza kushuku.

Mama yako mwambie namheshimu, na amwachie Mungu yale ambayo wewe huyawezi, kama moyo wa huyo shahidi. Daftari la geti tunaweza kuliomba wenyewe.

Na ikitokea wamekuona huna kosa wakakurudisha, jambo ambalo hutokea, utafurahi, watakupa pole, watakukabidhi funguo siku hiyo hiyo asubuhi. Usizipokee. Omba mali ihesabiwe kwanza, saruji mfuko kwa mfuko, mbele yako na mbele ya mhasibu, msaini wote, nakala yako uende nayo nyumbani. Ndipo ushike funguo.